Kutunza Jumba la Kijiji kwa Mwaka Mzima

Kulijenga jumba la kijiji ni kazi nyepesi kuliko kulitunza. Watu wa Ogembo, karibu na mto Gucha, waweza kulifahamu neno hili kwa desturi za Wakisii wenyewe. Wazee walikuwa na kazi za ushirika za namna mbili. Risaga ilikuwa mwito wa majirani wengi: walimlimia mmoja wao, naye akawaandalia pombe ya wimbi. Egesangio ilikuwa kundi dogo la watu waliosaidiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule.

Kusimamisha kuta ni risaga. Watu hufurika, na nyimbo huimbwa. Lakini baada ya miezi sita nani atafagia, nani atashika ufunguo, nani atalipia taa za darasa la jioni? Hapo yatakiwa egesangio. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza nchini Kenya mwaka 1952, vilifundisha kushona, mapishi na malezi kwa njia hiyo: wanawake wachache, wakikutana tena na tena.

Hatari kubwa huja wakati wa mvua za Machi hadi Mei, palizi inapowashika wote, na zaidi wanawake. Mwenye moyo huachiwa kazi peke yake. Akichoka, mlango hufungwa. Basi yafaa zamu za miezi hiyo zipunguzwe mapema, darasa liwe mara moja kwa juma, na ufunguo ukae kwa watu wawili wanaokaa jirani. Daftari la fedha nalo lisomwe kwa sauti mbele ya mkutano, hata ikiwa zimebaki senti tu.