Soma Kilichoandikwa: Somo la Kwanza la Kuhariri Picha



Mwanzoni mwa muhula uliopita nilipewa kazi ya kutengeneza bango la kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sababu ya kupewa mimi ni moja tu: nilikuwa na laptopu. Ninasoma Masomo ya Kiislamu, na ujuzi wangu wote wa picha ulikuwa ni kukata kingo za picha ya simu na kuongeza mwanga. Nikaweka picha ya msikiti, nembo ya jumuiya, tarehe na mahali. Juu kabisa nikaandika ile dua ya kuomba kuongezewa elimu iliyomo katika aya ya 114 ya Surat Taha. Nikalipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, nikachapisha nakala 60, na usiku uleule tukazibandika.

Asubuhi baada ya swala ya Alfajiri, mzee mmoja anayeswali nasi alinishika mkono akanipeleka ukutani. "Mwanangu, nisomee hapa." Nikaisoma dua vizuri, na tajwidi yake. Akatikisa kichwa. "Hiyo umeisoma kutoka kifuani. Soma kilichoandikwa."

Nikatazama. Ukianza kulia, kama Kiarabu kinavyosomwa, ulikutana na alifu, kisha mimu, kisha lamu, kisha aini, kila herufi imesimama peke yake kama watu waliogombana. Programu niliyotumia ilikuwa toleo la zamani lisilojua Kiarabu: ilipanga herufi kutoka kushoto kwenda kulia na haikuziunganisha. Mimi ninayekaa darasani na nahau na sarufi ya Kiarabu kila wiki sikuona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye rangi.

Tuliyabandua mabango yote kabla ya saa mbili asubuhi. Tukayakusanya kwenye boksi ili lisibaki hata moja likaishia kufungia roleksi barabarani, kisha tukayachoma mahali safi, tukifuata alivyofanya Sayyidna Uthman (radhi za Allah ziwe juu yake) kwa nakala nyingine za Qur'ani alipowaunganisha Waislamu kwenye msahafu mmoja. Pesa za jumuiya zikaenda na moshi.

Jioni nikafungua laptopu nisahihishe mstari ule mmoja, nikakuta haiwezekani. Nilikuwa nimebaki na JPG peke yake. Maandishi, msikiti na nembo vilikuwa vimeshikana kuwa kitu kimoja, kama rangi iliyokaukia ukutani. Ikabidi nianze upya, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuhariri picha. Kwa hiyo somo hili naliandika kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenifundisha.

Programu ninayotumia sasa inaitwa GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ni bure kwa kila mtu. Nalisema hili kwa sababu hapa chuoni flashi zenye programu zilizovunjwa ulinzi zinapita mkono kwa mkono kama pipi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haifai kuzidhulumu. Kama ipo njia ya halali isiyo na gharama, sioni kwa nini tangazo la darsa litengenezwe kwa kitu cha wizi. Anayeweza kulipia Photoshop, nayo ni nzuri, na mengi nitakayoeleza yako huko pia.

Jambo la kwanza kabisa ni tabaka, ambazo wengi wetu tunaziita leya. Chukua karatasi kadhaa za nailoni inayopitisha mwanga. Kwenye ya chini chora msikiti, kwenye ya pili bandika nembo, kwenye ya tatu andika maneno. Ukizipanga moja juu ya nyingine unaona bango moja, lakini ukitaka kubadilisha maneno unachomoa ile ya juu tu, na msikiti hauguswi. Kwenye GIMP orodha ya tabaka huwa upande wa kulia. Ikipotea, bonyeza Ctrl na L. Kila tabaka ina alama ya jicho pembeni: ukiigusa, tabaka inajificha. Ipe kila moja jina. Mimi hufanya hivyo tangu siku nilipohangaika dakika 20 kusogeza maneno huku kumbe nimechagua tabaka ya mandhari. Ukiona kifaa hakifanyi kazi, tazama kwanza ni tabaka ipi imechaguliwa. Mara nyingi shida ni hiyo.

Tabaka hazina faida kama hukuzihifadhi. Ukibonyeza Ctrl na S, GIMP inahifadhi faili la aina ya XCF, na humo tabaka zote zinabaki hai. Hilo ndilo faili lako la kazi, usilifute. Picha ya kutuma au kuchapisha unaitoa kwa Ctrl, Shift na E, na hapo unachagua JPG au PNG. JPG inafaa kwa picha za kamera, lakini inapunguza ubora kila unapoifungua na kuihifadhi tena. PNG haipunguzi, na inakubali sehemu zisizo na rangi, ndiyo maana nembo inatakiwa iwe PNG. Ukiiweka kama JPG itakuja na kisanduku cheupe nyuma yake. Faili langu la bango lilikuwa MB chache tu. Nililifuta ili nipate nafasi ya video za kaswida.

Kukata kingo ni Shift na C. Buruta kisanduku, bonyeza Enter, basi.

Mwanga unahitaji subira kidogo. Picha zetu nyingi zinapigwa msikitini jioni kwa simu, na zinatoka na ukungu wa kijivu. Wengi hukimbilia kitelezi cha kuongeza mwanga, nyuso zikawa nyeupe kama chaki. Nenda kwenye menyu ya Colors, uchague Levels. Utaona mchoro kama milima na pembetatu tatu chini yake: nyeusi kushoto, ya kijivu katikati, nyeupe kulia. Sogeza ile nyeusi mpaka mlima unapoanzia, na nyeupe mpaka unapoishia. Ukungu utaondoka. Kisha sogeza ya kijivu taratibu kushoto mpaka nyuso zionekane. Usitafute kuwafanya watu weupe. Nimeona picha za mahafali ambazo mama mzazi angepita bila kumtambua mwanawe.

Kama unataka mwanga sehemu moja tu, au unataka kuondoa anga nyuma ya mnara, usitumie kifutio. Bofya tabaka kwa kitufe cha kulia uongeze maski. Ukipaka nyeusi juu ya maski, sehemu hiyo inajificha. Ukipaka nyeupe, inarudi. Kifutio kinaua, maski inafunika tu. Ilinichukua wiki nzima kuizoea, na sasa siwezi kufanya kazi bila hiyo.

Halafu kuna kifaa cha kunakili, herufi C. Unashikilia Ctrl unabofya mahali pa kuchukulia, kisha unapaka mahali pengine. Kinafuta doa ukutani, waya wa umeme uliokatiza mnara, au kikombe kilichosahaulika juu ya mimbari. Kifaa hichohicho kinaweza kujaza watu ukumbini. Ramadhani iliyopita ndugu mmoja aliniletea picha ya futari akasema, "Ustadhi, hivi viti vitupu nyuma, huwezi kuvijaza? Ripoti inakwenda kwa wafadhili." Naweza, ni kazi ya robo saa. Nilimwambia kwamba sadaka yao ilitolewa kwa hesabu ya vinywa, na picha ndiyo shahidi wetu. Hakufurahi. Tulipeleka picha ileile na viti vyake vitupu, na chini tukaandika idadi ya waliofuturu kweli. Mpaka ninaojiwekea ni huu: narekebisha kile ambacho kamera ilishindwa kukiona, kama mwanga na uliolala; sigusi nani alikuwepo na wangapi. Dada akiomba sura yake isionekane naikata au naificha kwa ukungu waziwazi, na kila mtu anajua hapo pamefichwa.

Ukubwa unawaangusha wengi kwa wachapaji. Kwa kuchapa, hesabu pikseli 300 kwa kila inchi. Bango la A3 lina milimita 297 kwa 420, yaani kama pikseli 3,508 kwa 4,961. Picha yenye upana wa pikseli 1,000 inakupa inchi 3 na kidogo tu. Ukiinyoosha ijaze A3, msikiti utakuwa vigae. Kwa hiyo fungua ukurasa mpya kwa vipimo hivyo tangu mwanzo. Mwambie aliyepiga picha asiitume WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu inabanwa. Aitume kama dokumenti.

Sasa turudi ukutani kwa yule mzee. Herufi ya Kiarabu inabadilika umbo kulingana na mahali ilipo: mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake. Sita kati yake, yaani alifu, dali, dhali, ra, za na wau, haziungi na inayofuata. Ndiyo maana mtu anaweza kuona herufi zilizoachana akadhani ni kawaida, hasa kwenye neno kama "Rabbi", ambalo ra yake haishikani na ba hata kwenye msahafu. GIMP ya sasa inaunganisha herufi yenyewe. Kwenye baadhi ya matoleo ya Photoshop, ilibidi kwanza uende kwenye mipangilio ya maandishi uchague mfumo wa lugha za Mashariki ya Kati. Matoleo ya zamani yalihitaji toleo maalumu.

Lakini hata programu ikiwa sawa, aya usiiandike kwa kibodi yako. Inakili kutoka matini iliyohakikiwa kama ya Tanzil, na utumie fonti yenye irabu kamili. Amiri ni ya bure na inasomeka vizuri. Iweke kwenye tabaka yake peke yake. Usiinyooshe ijaze nafasi, usiipinde, na usiipitishe chini ya nembo hata kidogo, kwani nukta moja ikifunikwa ba si ba tena. Kisha funga picha nyingine zote kwa yale macho ya pembeni, ubaki na aya juu ya weupe, ufungue msahafu mkononi na ulinganishe herufi kwa herufi kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukianzia mwanzo utaisoma kutoka kifuani, kama nilivyofanya mimi. Baada ya hapo mpe mtu mwingine. Mabango yetu siku hizi hayaendi Nasser Road kabla yule mzee hajayaona, na mara mbili ameyarudisha: mara moja shadda ilikuwa imepotea, mara nyingine tarehe ya Hijria haikulingana na siku.

Faili la bango jipya, lenye tabaka zake zote na majina yake, liko kwenye kompyuta ya ofisi ya jumuiya, folda ya "Mazoezi". Lifungue, ficha tabaka, vuruga rangi, jaribu maski kwenye mnara. Ukimaliza, lifunge bila kuhifadhi. Mimi huwa pale Alhamisi baada ya Asr.

Wabillahi tawfiq.