Kabla ya kuipa sauti kipaumbele, kagua saa ya ruta

Ukitoa huduma ya intaneti Gitaza, nchini Burundi, kando ya barabara ya RN3 iendayo Rumonge, kasi ya kupandisha ndiyo hukusumbua kwanza. Tuseme una megabiti 2 kwa sekunde. Mteja mmoja anatuma video, mwingine anaongea kwa WhatsApp na ndugu yake aliye Kigoma, na sauti inaanza kukatika. Wengi hukimbilia kununua kasi zaidi au kuandika kanuni za kipaumbele. Anza na saa.

Kwenye ruta ya Linux andika cat /proc/net/psched, kisha tazama namba ya mwisho. Ikiwa ni 3b9aca00, saa inahesabu hadi nanosekunde, endelea. Ikiwa ni 00000064, kipanga foleni kinategemea mapigo 100 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 10, na pakiti zitatoka kwa mafungu. Piga hesabu ya kiungo chenye kasi zaidi: ili kufikisha megabiti 10 kwa sekunde, kila pigo lazima litoe baiti 12,500. Ukiweka burst (kiasi kinachoruhusiwa kutoka kwa mkupuo mmoja) ya baiti 3,000, utaambulia kama megabiti 2.4 na kuilaumu bure kampuni ya simu. Lakini kuongeza burst ovyo si dawa. Pakiti za sauti kwa kawaida huja kila milisekunde 20, na fungu kubwa likitangulia, zinangoja nyuma yake. Linux iliingiza saa hiyo ya nanosekunde kwenye upangaji foleni mwaka 2007, ila kuna ruta ambazo kerneli zake zimetengenezwa bila saa hiyo. Ikiwa yako ni hivyo, badilisha programu, au ruta yenyewe.

Sasa kikomo cha kasi. Pima kasi ya kupandisha asubuhi, mchana na saa mbili usiku, uchukue iliyo ndogo kuliko zote, uweke asilimia 85 yake. Usiionee uchungu hiyo 15: bila kuiacha, foleni hujaa ndani ya modemu, ambako kanuni zako hazifiki. Kwenye OpenWrt, sakinisha SQM, kifurushi cha kusimamia foleni, na uchague CAKE kuwa kipanga foleni.

Usishushe kikomo kupita kiasi, maana pakiti ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 6 kwa megabiti 2, na 24 kwa nusu megabiti. Hapo hata saa nzuri haisaidii. Kisha jaribu: pandisha video kwa simu huku kompyuta ikiendesha ping. Ucheleweshaji ukitoka milisekunde 40 hadi 60, waache wateja waongee. Ukiruka hadi 800, punguza kikomo kidogo, upime tena.