Je, Samsoni aliponzwa na siri aliyomwambia mwanamke?



Mpendwa msomaji, yako mafundisho ambayo huyapati katika Katekisimu wala katika mahubiri ya padre, lakini wanaume wengi wanayajua kwa moyo. Mojawapo ni hili: mume asimwambie mkewe siri zake, kwani Samsoni alifanya hivyo akang'olewa macho. Husemwa kwenye arusi wazee wakimwasa bwana arusi, na husemwa hata na waume wanaopokea Ekaristi kila Jumapili. Kwa kuwa habari yenyewe imo katika Biblia, fundisho nalo hudhaniwa limetoka kwa Mungu.

Matunda yake tunayaona majumbani. Mke hajui mumewe hupata mshahara kiasi gani. Hajui kwamba kuna mkopo. Anaanza kujua siku madalali wanapofika na lori kuchukua viti. Na akithubutu kuuliza mapema, anaitwa Delila.

Basi mwezi huu tufungue Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13 hadi ya 16, tuone kilichoandikwa humo. Tukiweke kando kwanza kile tunachokumbuka kutoka arusini.

Waamuzi si watakatifu wa kuigwa kwa kila jambo

Waamuzi hawa hawakuwa mahakimu wa kukaa kortini. Walikuwa viongozi na wapiganaji walioinuliwa wakati wa shida, takriban kati ya mwaka 1200 na 1000 Kabla ya Kristo, Waisraeli walipokuwa bado hawana mfalme. Mwandishi anatuambia waziwazi anavyoutazama wakati huo. Mwishoni mwa kitabu anarudia kwamba hapakuwa na mfalme, na kwamba kila mtu alitenda alivyoona vema machoni pake mwenyewe. Haya ni malalamiko, si sifa. Gideoni alishinda Wamidiani kwa watu 300, kisha akatengeneza kizibao cha dhahabu kilichowafanya watu kuabudu sanamu. Yeftha aliweka nadhiri bila kumwuliza mtu yeyote, na aliyelipa ni binti yake wa pekee.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, unatufundisha kutafuta mwandishi alikusudia kusema nini na aliandika kwa mtindo gani. Hati hiyohiyo inakubali kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyokamilika na ya kupita, ingawa Mungu alikuwa akiwalea watu wake kwa njia hiyo. Papa Benedikto wa 16 alilirudia jambo hilo mwaka 2010 alipoandika juu ya kurasa za Biblia zenye giza. Kwa hiyo tukisoma kwamba shujaa fulani alifanya jambo, tusikimbilie kusema nasi tufanye. Tuulize kwanza hadithi yenyewe inalionaje jambo hilo.

Labda bwana mmoja ataniambia: mbona Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unamtaja Samsoni pamoja na Gideoni, Baraki na Yeftha miongoni mwa watu wa imani? Ni kweli, aya ya 32. Samsoni alimlilia Mungu katika saa yake ya mwisho, naye Mungu akamsikia. Waraka unasifu imani hiyo. Hausifu alivyoishi na wanawake.

Nyumba ya Manoa

Habari ya Samsoni haianzi na Delila. Inaanza na bwana na bibi wa mji wa Sora, kabila la Dani, waliokuwa hawana mtoto. Mume anaitwa Manoa. Mke jina lake halikuandikwa popote, na bado ndiye aliyetokewa na malaika. Aliambiwa kwamba atazaa mtoto wa kiume, ajihadhari na divai na vyakula najisi, na mtoto asikatwe nywele kwa kuwa atakuwa mnadhiri wa Mungu tangu tumboni.

Mama huyu alifanya nini? Alikwenda akamwambia mumewe. Fikiri kidogo, msomaji: mwanamke tasa ameonana na mgeni asiyemjua, naye hakumwuliza jina wala atokako. Nyumba ngapi mume angesikiza habari hiyo hadi mwisho? Manoa hakumshuku. Hakuuliza mgeni huyo ni nani na walikuwa wapi. Alimwomba Mungu amtume tena mtu yule, awafundishe wote wawili namna ya kumlea mtoto.

Mungu alisikia sala ya Manoa, lakini tazama alivyoijibu. Malaika alirudi kwa mke, alipokuwa ameketi shambani peke yake. Mama akakimbia kumwita mumewe. Imeandikwa kwamba Manoa aliinuka akamfuata mkewe. Na alipomwuliza malaika mtoto atalelewaje, malaika hakumpa neno lolote jipya. Alimrudisha kwenye yale ambayo mkewe alikuwa amekwisha kuyasikia. Yaani baba huyu aliomba apewe ujumbe wake mwenyewe, akaambiwa ujumbe anao tayari nyumbani.

(Ukilinganisha aya ya 5 na aya ya 7 utaona kwamba mama alipomsimulia mumewe hakutaja habari ya wembe. Nayo haionekani popote katika maneno ambayo Manoa aliambiwa. Huenda mwandishi alifupisha tu. Sijengi fundisho juu yake, ila wale wanaopenda kusoma kwa makini wataitazama.)

Halafu wakatoa mwana-mbuzi awe sadaka, na malaika akapaa katika mwali wa moto. Manoa akaogopa, akasema hakika watakufa kwa kuwa wamemwona Mungu. Mkewe ndiye aliyemtuliza, na kwa hoja nzuri: kama Bwana angetaka kuwaua, asingepokea sadaka yao wala kuwaonyesha mambo hayo. Mpiganaji hodari wa Israeli alizaliwa katika nyumba ambayo baba aliogopa, mama akafikiri, na baba hakuona aibu kusikiliza.

Sehemu hii nzuri huwa hatuisikii kanisani. Tarehe 19 Desemba, katika Majilio, somo la kwanza ni Waamuzi 13, lakini husomwa aya ya 2 hadi 7, kisha 24 na 25. Sala ya Manoa na jibu la mkewe hurukwa. Ndiyo maana nawasihi muisome sura yote nyumbani.

Siri za Samsoni zilianzia wapi?

Samsoni akakua. Katika sura ya 14 aliona msichana Mfilisti huko Timna, akawaambia wazazi wake wamtwalie. Walipomkumbusha kuwa wako wasichana kwao, alijibu kwamba huyo ndiye aliyempendeza machoni pake. Sikiliza neno hilo "machoni pake". Ndilo lile ambalo mwandishi analitumia kuwalaumu Waisraeli wote mwishoni mwa kitabu. Na mtu huyu mwishowe atapoteza macho.

Njiani alimuua simba, lakini hakuwaambia baba yake na mama yake. Baadaye alikuta asali ndani ya mzoga, akala, akawapelekea nao wakala. Hakuwaambia ilikotoka. Mnadhiri alikatazwa kugusa maiti, na nyama iliyokufa ilikuwa najisi, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kunyamaza! Hizi ndizo siri za kwanza za Samsoni. Alizificha kwa wazazi waliokuwa wakiambiana kila kitu.

Arusini akafanya ile siri kuwa kitendawili, akiweka dau la mavazi 30 ya kitani na mavazi mengine 30. Wafilisti waliposhindwa walimwendea bibi arusi wakamwambia atoe jibu, la sivyo watamchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake. Alilia mbele ya mumewe siku za karamu. Samsoni alimjibu kwamba hata wazazi wake hakuwaambia, sembuse yeye? Siku ya saba alichoka akasema, na mke akawapa watu wake jibu. Wengi wanamlaani mwanamke huyu. Mimi namhurumia. Mumewe hakujua kwamba amesimama kati yake na moto, na katika sura ya 15 Wafilisti kweli walimchoma yeye na baba yake.

Hapa niseme neno kwa akina baba. Kama mkeo anakuficha jambo, angalia kwanza kama kuna moto nyumbani. Mke anayeficha pesa za chama kwa kuwa mumewe atazinywa, au anayeogopa kipigo, hajafundishwa na Delila. Nawe mama uliye katika hali hiyo, makala hii haikuambii ukajiweke hatarini kwa kusema kila kitu leo usiku. Nenda kwanza kwa padre au kwa mtu wa jumuiya unayemwamini, na ukipigwa nenda polisi.

Sasa Delila

Kwanza, Biblia haisemi popote kwamba Delila alikuwa mke wa Samsoni. Inasema tu kwamba Samsoni alimpenda mwanamke wa bonde la Soreki. Wakuu wa Wafilisti walimwahidi, kila mmoja, vipande 1100 vya fedha. Ujue ni nyingi kiasi gani: katika sura inayofuata, Mlawi anaajiriwa kuwa kuhani kwa vipande 10 kwa mwaka, pamoja na nguo na chakula.

Pili, Delila hakuficha swali lake. Alimwuliza waziwazi afungwe kwa kitu gani apate kushindwa. Mara tatu Samsoni alimdanganya: nyuzi mbichi za upinde, kamba mpya, vishungi saba vya nywele kufumwa mtandoni. Mara tatu zote alifanyiwa kama alivyosema, akaamka akiambiwa Wafilisti wamemjia. Mtu mwenye akili zake angechukua viatu vyake akaondoka. Yeye alibaki, na alipoudhiwa kila siku hata roho yake ikachoka kufa, akamfungulia moyo wote.

Basi hebu tuulize: Samsoni aliponzwa na kumwambia mke siri? Wazazi wake aliwaficha. Mke wake wa ndoa alimdharau. Ukweli wake wote aliutoa kwa mtu aliyekwisha kumwona akimsaliti mara tatu. Mwanamume anayemficha mkewe mkopo, aghalabu hawafichi watu wote. Wenzake wa baa wanaujua, na pengine mwanamke mwingine anaujua. Asiyeujua ni yule tu atakayelala na watoto kwenye nyumba isiyo na viti. Ndiyo maana hata sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu mali ya wanandoa inataka mume na mke wa ndoa ya mke mmoja wakubaliane wote wawili kabla mali yao ya ndoa haijauzwa wala kuwekwa rehani.

Je, hakuna siri inayofaa kutunzwa? Ipo. Mwalimu, muuguzi au mzee wa jumuiya akiambiwa siri ya mtu mwingine, siri hiyo si yake, hawezi kuigawa hata kitandani. Na mama ambaye maneno ya mumewe usiku husikika asubuhi kwenye foleni ya posho mili, asishangae mumewe akinyamaza. Mke wa Manoa alikimbia kwa mumewe. Hatusomi kwamba alikimbia kwa jirani.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, someni sura ya 13 yote. Baba asome maneno ya mke wa Manoa, mama asome ya Manoa. Kisha kila mmoja amweleze mwenziwe jambo moja ambalo mwenzake hajawahi kuambiwa, na yule anayesikia asijibu lolote hadi mwenziwe amalize. Kama jambo lenyewe ni deni, lete na karatasi zake.