Punda Mdogo Akivunjika Mfupa wa Kwato

Somo letu la leo ni punda. Mimi ni mganga wa watu, si wa mifugo. Lakini punda ndiye anayeleta maji nyumbani. Ndiye anayembeba mgonjwa mpaka zahanati pale ambapo gari halifiki. Kwa hiyo mguu wa punda ni jambo la afya yetu pia.

Watu wengi hudhani kwato ni kitu kigumu kitupu kama pembe. Sivyo. Ndani ya kwato mna mfupa, nao una umbo la kwato yenyewe. Kwa nyuma mfupa huo una ncha mbili, moja kila upande. Punda mdogo mifupa yake haijakomaa. Akikimbia juu ya mawe au akipiga teke ukuta, ncha inaweza kuvunjika. Watoto wa farasi nao huvunjika hivyo hivyo.

Dalili zake ni hizi. Ghafla punda anachechemea. Ukishika kwato ya mguu huo, ina joto kuliko nyingine. Lakini damu haitoki, wala mguu haukupinda. Basi mwenye punda husema, "Huyu mvivu," akamchapa. Ndugu, punda huficha maumivu. Ukimwona anachechemea kidogo, jua anaumia sana.

Usaha ndani ya kwato nao huleta dalili kama hizo. Inua mguu utazame chini. Jiwe likikwama, litoe. Ukiona tundu au msumari, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Hata usipoona kitu, mwite, maana yeye ndiye awezaye kupima.

Usichimbe kwato kwa kisu. Usiichome kwa chuma cha moto. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na huingia mwilini kwa njia ya kidonda. Ugonjwa huu huua punda na huua mtu. Nawe ukijikata unapomshika punda, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha njoo zahanati.

Je, mfupa utapona? Kwa punda mdogo mara nyingi hupona. Mtu akivunjika mguu tunamfungia vibao. Kwa punda, kwato yenyewe ndiyo kibao. Inaushika mfupa pande zote. Kinachotakiwa ni kupumzika. Mweke katika zizi dogo, kavu, lenye sakafu tambarare. Kama bado ananyonya, akae na mama yake. Mpe majani na maji. Akae humo wiki 8 hivi. Wengi huwafungulia mapema kwa sababu kuchechemea kumepungua, na hapo mfupa huvunjika tena. Punda mzima huhitaji miezi 6 hadi 12.

Utauliza, nani atachota maji muda huo? Jirani mwenye punda atasaidia. Na wanaume nao wana mabega.

Usimtwike mzigo punda asiyefika miaka 4. Madumu 4 ya lita 20 ni kilo 80! Kama hujui umri wake, funua mdomo utazame meno ya mbele ya chini. Akiwa na meno makubwa mawili tu katikati, na ya pembeni bado ni ya utoto, hajafika. Mwache akue.