Kufundisha Safari za Samaki Waendao Kutaga Mayai

Mtoto aonaye mashua zikirudi zimejaa samaki kwa siku kadhaa mfululizo hudhani kwamba bahari ina neema isiyokwisha. Dhana hiyo yaweza kuwa kinyume cha ukweli. Wako samaki ambao hukusanyika mahali pamoja mara moja tu kwa mwaka ili kutaga mayai, na wingi wao hapo ndio jumla ya samaki wa eneo lote. Somo hili la Sayansi, linalofaa Darasa la Sita au la Saba, lina shabaha ya kumwezesha mwanafunzi kutambua tofauti hiyo.

Maelezo kwa mwalimu

Chukua mfano wa chewa wa Nassau, jamaa ya chewa wa pwani yetu, aishiye katika Bahari ya Karibi. Muda mwingi wa mwaka huishi peke yake mwambani. Ifikapo majira ya baridi, karibu na siku za mwezi mpevu, chewa wakubwa husafiri hadi ukingo wa mwamba, na huko jioni huachia mayai na mbegu majini.

Mwaka 2001 wavuvi waligundua kusanyiko la chewa wapatao 7,000 kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Little Cayman. Katika misimu miwili walivua kama 4,000. Mwaka 2003 serikali ya Visiwa vya Cayman ilipiga marufuku uvuvi katika mahali pa kutagia.

Wataalamu waliwatia baadhi ya chewa kitoa sauti kidogo tumboni, kila kimoja kikiwa na namba yake. Vyombo vya kupokea sauti viliwekwa chini ya bahari kuzunguka kisiwa. Samaki apitapo karibu, chombo huandika namba, tarehe na saa. Kumbukumbu hizo zilionyesha kuwa chewa wakubwa kutoka pande zote za kisiwa huelekea ncha ile moja. Basi wavuvi hawakuwa wamevua sehemu ya akiba, bali akiba yenyewe.

Hatua za somo

1. Chora uwanjani umbo la kisiwa kwa majivu. Waketishe wanafunzi sita kukizunguka, vichwa vimeinama, kila mmoja na karatasi. Hao ndio vyombo vya kupokea sauti.

2. Wape wanafunzi wanne namba, nao wawe samaki. Waambie kwa siri waanzie pande mbalimbali na kuishia magharibi. Apitaye hatua tatu karibu na msikilizaji ataje namba yake. Mwanafunzi mmoja atangaze muda: wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Wanafunzi waliobaki wakae darasani wasione.

3. Kusanya karatasi. Waliokaa darasani wachore njia ya kila samaki kwa kutumia kumbukumbu hizo tu. Kisha waulize: “Namba 3 haikusikika tena. Je, amekufa?” Usikubali jibu la haraka. Pengine amevuliwa, pengine amepita mbali, pengine ametulia mahali pasipo na msikilizaji. Hapa ndipo mwanafunzi ajifunzapo kupima ushahidi.

4. Rudia mchezo ukiwa umeondoa wasikilizaji wawili, na darasa lilinganishe michoro.

5. Malizia kwa hesabu. Chewa 4,000 kati ya 7,000 ni zaidi ya nusu, nao walivuliwa kwa misimu miwili. Idadi ilirudi kufikia kama 7,000 mwaka 2018. Ilichukua miaka mingapi tangu marufuku? Wanafunzi watoe sababu wao wenyewe.

Tahadhari

Kazi ya nyumbani yaweza kuwa kuwauliza wazee: ni samaki gani hukusanyika, na katika mwezi wa aina gani? Maarifa ya wavuvi yaheshimiwe, kwani hata kule Cayman wavuvi ndio waliotangulia kulijua kusanyiko. Lakini jina la mahali lisiandikwe ubaoni. Mtoto aliyeaminiwa na babu yake asilazimishwe kutoa siri hiyo, wala somo la kuhifadhi samaki lisigeuke kuwa tangazo la mahali pa kuwamaliza.