KUCHAGUA KINASA SAUTI CHA KUWAHOJIA WAZEE

Wengi wenu mmekwisha kusikia ya kuwa Chama chetu cha Historia kimeazimia kukusanya habari za wazee wa vijiji vinavyoizunguka shule yetu, hasa habari za kuhamia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Wazazi wametuchangia fedha za kununua kinasa sauti kimoja, wala si viwili. Hapana budi basi tuchague vema, na kwa kuwa mimi nilipewa kazi ya kuulizia madukani na kusoma habari za vyombo hivi, nimeona yafaa niwaeleze wenzangu niliyoyapata.

Kazi hii si mpya katika nchi yetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mengi tunayosoma darasani leo yalitoka katika vinywa vya wazee wale. Lakini kazi hii haingojei. Mtu aliyekuwa na miaka thelathini kaya zilipohamishwa mwaka 1974 sasa amekwisha kupita themanini. Tukirudi na sauti isiyosikika, pengine hatutapata nafasi ya pili.

Yuko atakayeuliza, je, simu haitoshi? Simu nzuri hunasa sauti vizuri, sikatai. Ila sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, na ile ya kuazima kwa mwalimu huita wakati mzee amefika penye utamu wa habari. Tena picha na nyimbo za mwenyewe zimekwisha kuijaza.

Sasa tutazame chombo chenyewe. Kinasa sauti cha siku hizi hakina kanda. Huipima sauti mara nyingi katika kila sekunde, kisha huandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni yataka vipimo viwe zaidi ya mara mbili ya hiyo. Ndiyo sababu vyombo vingi hupima mara 44,100. Kila kipimo kikichukua baiti mbili, saa moja ya mazungumzo kwa njia moja ya sauti ni megabaiti 318 hivi. Hiyo ndiyo faili ya WAV, isiyopunguzwa kitu. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 hutupa sehemu ambazo sikio halizitambui sana, na saa hiyo hiyo huwa megabaiti 58 tu. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba saa 25 za WAV, au saa 138 za MP3. Mimi nasema tunase kwa WAV. Kilichotupwa hakirudi, na kadi ni rahisi kuliko safari. Msidanganywe na boksi lililoandikwa mamia ya saa, kwani saa hizo huhesabiwa kwa sauti mbaya kuliko zote ambazo chombo chaweza kunasa. Na kadi za bandia zimejaa madukani. Kadi yafaa ijazwe faili hata pomoni na kusomwa tena kabla ya kuaminiwa.

Lakini jambo kubwa kuliko tarakimu zote hizi ni mahali pa kukiweka chombo. Wale wa fizikia wanajua ya kuwa ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hupungua ikawa robo. Kinasa sauti kilicho nusu mita kutoka kinywani mwa mzee hupata nguvu mara 16 kuliko kilicho mita mbili, na huku jogoo, kinu na watoto wa jirani hawakupungua hata kidogo. Duka likikuonyesha chombo cha bei kubwa chenye kila kitu, kumbuka ya kuwa chombo cha kadiri kilicho karibu hukishinda kile cha fahari kilichowekwa dirishani. Ndiyo maana nataka chombo chenye tundu la kuchomekea maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya shati. Kisiwekwe mezani pakavu, kwani kila kikombe kinapotua hugonga kama ngoma. Kanga iliyokunjwa chini yake yatosha. Uwanjani upepo huunguruma katika maikrofoni, basi ivikwe kofia yake ya sifongo. Na mvua ikianza juu ya bati, acheni, kunyweni uji, mngoje ikatike.

Kiwe na kioo kinachoonyesha nguvu ya sauti. Sauti ikipita kiasi hukatwa kichwa, na hakuna fundi awezaye kuirudishia kichwa hicho. Afadhali iwe ya chini kidogo. Kipo pia kitufe kinachofanya chombo kijiwashe kikisikia maneno na kujizima wakiwa kimya. Wauzaji hukisifu sana, lakini kwetu kizimwe kabisa! Hula silabi ya kwanza ya kila sentensi. Tena mzee anaponyamaza baada ya kuulizwa nyumba yake ya zamani ilikwendaje, kimya kile nacho ni jibu.

Betri nitasema kwa kifupi. Vijiji vingine havina umeme, na betri iliyofungiwa ndani ikiisha, mahojiano yameisha. Tuchukue chombo kinachotumia betri ndogo kama zile za rimoti, zinazouzwa kila dukani, na nyingine mbili ziwe mfukoni.

Mzee aombwe ruhusa kwanza, na kukubali kwake kunaswe pamoja na jina, kijiji na tarehe. Katika majaribio mzee mmoja alituuliza, "Wajukuu zangu, huyo mdudu ananisikia?" Tulimpa hedifoni ajisikilize, akacheka, na tangu hapo hakukitazama tena chombo. Jioni ile ile faili inakiliwe katika kompyuta ya maktaba na katika diski nyingine inayokaa kwa mwalimu wetu wa Historia, ndipo kadi ifutwe.

Tutaanza likizo ijayo. Mzazi au mwalimu anayemjua mzee aliye tayari kuzungumza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, tafadhali ampelekee katibu wa chama jina lake kabla shule haijafungwa.

Mwanachama, Kidato cha Nne