KARTE, SIMU NA ALAMA YA MNYAMA

Somo la kusoma pamoja katika vikundi vya maombi. Fungueni Ufunuo 13:11-18, 2 Samweli 24, Luka 2:1-5, Danieli 3, Matendo 17:10-12, 1 Yohana 4:1.



Tumepokea ulizo kutoka kwa vijana wa maombi ya siku ya tano. Waliliandika kwenye kikaratasi, wakalitia katika sanduku la matoleo bila jina. Wanauliza: je, mkristo anaweza kuchukua karte ya uchaguzi na kuweka vidole vyake juu ya mashini ya leta, bila kupoteza jina lake katika kitabu cha uzima? Na chini, kwa mwandiko mwingine: ikiwa leta imetudanganya mara nyingi hivi, kwa nini tuamini neno lake hata moja?

Tusiwakasirikie. Mtu asiyeamini haulizi maulizo kama haya. Tena sisi mashemasi tuna deni juu ya jambo hili, na tunataka kulisema mbele ya fundisho lenyewe.

Mwaka 2019 sauti moja ilipita kutoka simu hadi simu hapa Pinga. Mtu ambaye hatukumjua alisema kwamba karte ni alama ya mnyama, na simu ni jicho lake. Ajabu ni kwamba sauti ya kutukataza simu ilitufikia ndani ya simu! Wengine waliisikiliza hata katika uwanja wa kanisa baada ya ibada. Sisi tulikuwapo. Tulisikia, hatukusema ndiyo wala hapana, kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kuonekana mtu asiye na Roho.

Mama mmoja wa kwaya akaichoma karte yake kwenye makaa. Majuma machache baadaye mtoto wake akavimba mguu, akafunga safari naye kwenda hospitali kubwa. Katika inchi yetu, kwa miaka mingi, karte ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia. Kila bariere walimwuliza karte. Hakuwa nayo, basi alilipa. Bariere ya pili, akalipa tena. Alipofika, pesa ya dawa ilikuwa imekwisha njiani, na siku mbili zaidi zikapita katika kutafuta deni. Mtoto anaishi, Mungu asifiwe, lakini mguu wake haukunyooka tena. Mama yule hakutulaumu. Tunajilaumu wenyewe.

Sasa tusome. Ufunuo 13 inasema juu ya alama katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, na kwamba asiye nayo hataweza kununua wala kuuza. Wengi husimama hapo. Rudini mstari mmoja nyuma, kisha endeleeni mpaka sura ya 14:9-11. Mtaona kwamba alama inakwenda pamoja na kuabudu. Anayeipokea ni yule anayemsujudia mnyama na sanamu yake.

Karte ya uchaguzi inafanya nini? Mashini inachukua picha na alama za vidole ili mtu mmoja asiandikwe mara mbili, kwa sababu mistari ya vidole vya mtu haifanani na ya mwingine. Inaandika jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Hakuna anayeulizwa amwabudu nani. Tena karte nyingi za mwaka 2023 wino wake ulififia mapema, hata watu wakapanga mstari upya kutafuta nyingine. Mnyama wa Ufunuo angekuwa na alama inayofutika kwa jasho la mfukoni? Upande wa Masisi raia walikosa hata kuandikishwa mwaka ule kwa sababu ya vita, na tarehe 20 Desemba 2023, siku ya kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura. Ndugu zetu wa kule hawakulia kwa sababu ya kupewa karte. Walilia kwa sababu ya kuikosa.

Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kuandikwa kwa amri ya Kaisari Augusto, na Mariamu alikuwa na mimba ya Bwana wetu. Hawakutiwa unajisi na kitabu cha Kaisari. Lakini msikimbie kusema basi kuhesabu watu ni jambo jema siku zote! Daudi alihesabu watu wake, na ikawa dhambi. Alitaka kujua wenye kushika upanga ni wangapi, moyo wake ukategemea hesabu. Basi kuandikwa peke yake hakumtii mtu unajisi, bali inafaa kuuliza kila mara: nani anatuhesabu, na anataka nini kwetu?

Ndugu, tuseme na jambo la aibu. Mwaka ule ule wa 2019, watu wa silaha walikuwa wakitoza raia wa kwetu franka 1000 kila mwezi, na kuwapa jetoni. Bila jetoni, njia ya shamba na ya soko ilikuwa taabu. Kanakaratasi ambacho mtu asiye nacho hawezi kununua wala kuuza! Wala hatukusikia nabii hata mmoja akiita jetoni alama ya mnyama. Tulimwogopa aliye na bunduki, tukapiga kelele juu ya karte isiyo na bunduki.

Lakini ulizo la pili la vijana lina mizizi mirefu, nasi hatuwezi kulifuta kwa Warumi 13 peke yake.

Makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika yamejua mkono wa serikali tangu mwanzo. Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Mwezi wa Septemba alikuwa amekwisha kufungwa, na mwezi wa Oktoba Wabelgiji wakamhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akafa katika kifungo Elisabethville, inayoitwa leo Lubumbashi, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Kanisa lake lilipata ruhusa Desemba 1959 tu. Hapa kwetu wazee walisimulia habari za mwaka 1944, wakati wa kazi za nguvu za vita, mpira na dhahabu, ambapo Bushiri wa Kitawala alijiita Mulumozi wa Yesu, na watu wakaasi kutoka Masisi mpaka Lubutu. Serikali ya Wabelgiji ikajibu kwa bunduki, na wengi wakafa.

Uhuru ulipokuja, je, mambo yalikwisha? Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilikubali Wakatoliki, Waprotestanti chini ya umoja mmoja, na Wakimbangu. Makanisa madogo ya manabii yakajificha au yakatafuta mwavuli wa wengine. Mwaka 1972 tukaambiwa tuache majina ya ubatizo. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika siku za mapumziko, na darasani somo la dini likaacha nafasi kwa mafundisho ya Mobutu. Hapo, wapendwa, ndipo tulipokuwa karibu na Ufunuo 13 kuliko siku yoyote ya karte: mtu mmoja alitaka wimbo uliomstahili Mungu. Angalieni vijana watatu wa Danieli 3. Walikubali kuitwa majina ya Babeli, Shadraka, Meshaki na Abednego, tena walifanya kazi katika ofisi za mfalme. Waliposimama ni penye kusujudu. Walijua mahali pa kusimama, na hawakuchoka kwa kupigana na kila karatasi ya mfalme.

Na juzi? Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulikuja na mashini ya kupigia kura, ambayo watu wa mjini waliita kwa Kifaransa mashini ya kuiba, kwa kugeuza herufi moja tu. Kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, karibu siku 20. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na watazamaji 40000, wakasema matokeo yaliyotangazwa hayakufanana na yale waliyoyakusanya. Basi mtu anayeuliza leo juu ya leta na mashini zake hana pepo. Ana kumbukumbu.

Hata hivyo kumbukumbu inaweza kutupoteza. Wakati ule ule Ebola ilikuwa inaua Beni na Butembo. Kura ya kule ikasogezwa mpaka Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Raia wakasema: Ebola ni siasa. Juu ya kura, walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini wengi walichukua shaka ile ya kura wakaitia juu ya ugonjwa wenyewe, wakakimbia chanjo, wakaficha wagonjwa, hata waganga wakapigwa na kuuawa. Agosti 2019 ugonjwa ukagusa zone ya afya ya Pinga. Mpaka ulipokwisha mwaka 2020, watu zaidi ya 2200 walikuwa wamekufa. Leta inaweza kusema uongo juu ya kura na kusema kweli juu ya ugonjwa, katika mwezi mmoja, kwa kinywa kimoja. Kila neno lipimwe peke yake. Hiyo ni kazi ngumu, na uvivu wetu hupenda kuamini yote au kukataa yote.

Tuvuke mpaka, twende Kenya, kwa sababu huko jambo hili lilionekana wazi kabisa. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliandikisha watu kwa namba mpya iliyoitwa Huduma Namba. Walichukua vidole na picha, na sheria iliruhusu hata DNA, na kujulisha kwa satelaiti mahali mtu anapoishi. Watu wengi waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini waliuliza kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: watu wa Nubian Rights Forum, pamoja na watetezi wengine wa haki, walikwenda kortini. Wanubi wa Kenya wamepata taabu ya vitambulisho tangu zamani, walijua maana ya mtu kukosa karatasi. Januari 2020 majaji wakakataza DNA na satelaiti, wakasema kazi isiendelee bila kanuni za kulinda habari za watu. Oktoba 2021 korti ikasema karte zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari yake.

Njia ya pili: mhubiri mmoja wa Malindi, Paul Mackenzie, alifundisha kwamba Huduma Namba ni alama ya mnyama. Alikataza pia shule na hospitali. Mwaka 2019 akafunga kanisa lake, na watu wakamfuata katika pori la Shakahola. Mwaka 2023 polisi walianza kufukua makaburi kule. Walipata maiti zaidi ya 400, watoto wengi kati yao. Wengi walikufa kwa njaa, wakifunga ili wamwone Yesu. Wengine walionekana wamenyongwa au kupigwa. Yeye mwenyewe alikana mashtaka.

Fikirini sana hapa. Wote walikataa kitu kile kile. Lakini wa kwanza waliuliza mchana, mbele ya watu, wakakubali kuulizwa nao. Wa pili walimshuku Kaisari katika kila jambo, wakaacha kabisa kumshuku mtu mmoja. Walitoka katika kitabu cha serikali, wakaingia katika mkono wa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwambia hapana. Mtoto wa Shakahola aliyetaka maji, uhuru wake ulikuwa wapi?

Basi sisi wa kanisa la unabii tusione habari hii kuwa ya wengine. Wayahudi wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, na Luka anawasifu. Kama Paulo alipimwa, nabii wa Pinga ni nani? Paulo mwenyewe anaagiza katika 1 Wakorintho 14:29 kwamba manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapambanue. Tumemwuliza nabii wetu juu ya jambo hili, tukitetemeka kidogo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema maono yake nayo yapimwe.

Kwa hiyo wazee na mashemasi wamekubaliana hivi. Sauti ya simu haitasikilizwa katika uwanja wa kanisa mpaka watu watatu wameisikiliza na kujua aliyeitoa. Unabii wowote unaogusa hospitali, shule, chanjo, karte, shamba au ndoa ya mtu utaletwa kwanza mbele ya wazee, na mwenye kuambiwa atakuwa na haki ya kukataa bila kufukuzwa katika ushirika. Hakuna atakayelazimishwa kufunga. Mtoto, mgonjwa na mama mwenye mimba hawafungi. Asiyetaka karte kwa dhamiri yake, hatutamcheka wala kumtenga, bali tutamweleza yaliyompata mwenzake njiani. Na anayeitaka asiitwe mtu wa mnyama.

Maulizo yaliyobaki yataletwa siku ya tatu baada ya maombi ya jioni. Mama yule wa kwaya amekubali kuanza yeye. Mwaka 2023, alipokuwa kwa ndugu zake upande wa Walikale, aliandikishwa upya. Jina lake kwenye karte limekwisha kufifia, anaitunza katikati ya Biblia, kwenye Zaburi, pasipo na jasho.